"Be", "am", "is", "was": jinsi ya kulizoea neno la Kiingereza lenye viraka vitatu

"Mama, huyu 'be' mwenyewe yuko wapi?"

Aliyeniuliza ni dereva wa tuktuk, jioni moja barazani kwangu Shela. Ni Shela ya Malindi, si ile ya Lamu. Huja kusoma kabla hajaenda kubeba watu wa usiku. Juu ya ubao nilikuwa nimeandika TO BE kwa herufi kubwa, na chini yake: I am, you are, he is, they were. Akaukagua ubao mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye karatasi ya matokeo. "Be" hakumwona. "Hii ni harusi ambayo bwana harusi hayupo," akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Mimi nilinyamaza kidogo, maana swali lilikuwa la mtu mwenye akili. Nimekaa mapokezi ya hoteli za ufukweni miaka 22, nikiwajibu Waingereza kwa Kiingereza, Waitaliano kwa Kitaliano cha kuokoteza, na Wajerumani kwa tabasamu na maneno thelathini hivi. Siku hizi nimestaafu, nafundisha baada ya alasiri. Wanafunzi wangu ni madereva, vijana wa ufukweni, na dada mmoja anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Maneno marefu hayawashindi; wanayameza kama dawa, mara moja yameisha. Linalowaangusha ni hili la herufi mbili. Kwa hiyo nimeamua kuandika ninavyolifundisha, ili yule asiyefika barazani naye apate.

Usilikariri kama neno moja

Hapa ndipo shule zilipotukosesha. Tulipewa jedwali, tukaliimba, na hakuna aliyetuambia kwa nini "am" hafanani na "was" hata kwa herufi moja ya mwanzo. Kitenzi hiki kina sura nane: be, am, is, are, was, were, being, been. Vitenzi vingine vya Kiingereza vina tatu, nne au tano, basi. Sababu ni kwamba hiki si kitenzi kimoja. Ni vitenzi vitatu vya kale vilivyoshonwa pamoja, kama tanga la mashua lililotiwa viraka hadi hujui kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi.

Kiraka cha kwanza ni "am" na "is". Mzizi wake wataalamu huuandika es-, na maana yake ni kuwa tu, bila la ziada. Ndugu zake wametapakaa. Kijerumani husema ist, Kilatini kilisema est, na Kitaliano kikaimeza konsonanti yote kikabaki na è, ile ile inayosikika kila siku kwenye mikahawa ya hapa Malindi. Kiajemi husema ast. Tena Mwajemi akitaka kusema "mimi ni mwalimu" huongeza -am mwishoni mwa neno, na ni "am" hiyo hiyo ya Mwingereza. Waajemi walituachia bandari, dirisha na serikali, lakini "am" yao hawakutuachia. Mtu aliyeutangazia ulimwengu kwamba lugha hizi ni za ukoo mmoja alikuwa hakimu, William Jones, katika hotuba aliyoitoa Calcutta mwaka 1786. Alikuwa akijifunza Kisanskriti, akaona kinafanana mno na Kilatini na Kigiriki, hata haiwezi kuwa ni bahati tu.

Kiraka cha pili ni "be", "being" na "been". Mzizi huu, bheu-, haukuwa na maana ya kuwa. Ulikuwa na maana ya kukua, kuchipuka, kutokea. Kwa Wagiriki ulizaa physis, maumbile, na kutoka hapo likatoka neno tunalolijua sote la shuleni: fizikia. Kwa Walatini ulizaa fui, nilikuwa, na futurus, kitakachokuwa, ambalo kwa Kiingereza ni "future" na kwa Kitaliano futuro. Kwa Wajerumani ni bin, ya ich bin. Kwa hiyo mtoto anayefanya mtihani wa fizikia na yule anayeandika "I have been" wote wamekaa chini ya mti mmoja bila kujua.

Kiraka cha tatu ni "was" na "were", na hiki ndicho nikipendacho. Mzizi wake, wes-, ulikuwa na maana ya kukaa mahali, kuishi. Kisanskriti vasati ni "anakaa". Sasa jisikilize mwenyewe unavyosema Kiswahili. "Mbona unakaa mgonjwa leo?" "Hii nyumba inakaa kubwa." Hapo hakuna aliyekaa kitini. Kukaa kumeanza kufanya kazi ya kuwa, mchana kweupe, midomoni mwetu sisi wenyewe. Wazee wa Waingereza walipita njia hiyo hiyo, isipokuwa wao walifika mwisho wake.

Na kwa nini "was" ina s na "were" ina r? Wanafunzi hudhani ni uchokozi. Mdenmaki mmoja, Karl Verner, ndiye aliyelifumbua fumbo hilo miaka ya 1870: hapo kale mkazo wa sauti ulikuwa unahama ndani ya neno, na katika maumbo ambayo ulihamia mwisho wa neno, s ikageuka z, kisha r. Usishangae. Sisi tuna penda na mpenzi, iba na mwizi, pika na mpishi. Hakuna anayekariri kwamba d imekuwa z na k imekuwa sh, masikio yamezoea.

Vile vitenzi viwili vya kuwa, beon na wesan, viliishi pamoja ndani ya Kiingereza cha kale. Beon ilipendelea mambo ya siku zote na mambo yajayo, wesan na wenzake wakashika ya sasa na yaliyopita. Baadaye vikachanganyika. "Are" yenyewe ilikuwa ya watu wa kaskazini mwa Uingereza, ikateremka kusini polepole. Hata katika karne ya 16 kule kusini ulikuwa ukisikia "they be" badala ya "they are". Salio lake bado lipo katika msemo "the powers that be", yaani wakubwa walioko madarakani. Ukiukuta gazetini usidhani mwandishi amekosea.

Kabla hujawacheka Waingereza kwa tanga lao, hesabu viraka vyetu. Mwalimu *ni* mgeni. Mwalimu *si* mgeni. Mwalimu *yuko* njiani. Mwalimu *aliye* mgeni. Mwalimu *alikuwa* mgeni. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Amu, alikuwa akiuliza "*Yu* wapi mwana?" na kujibiwa "*Yu* hapa." Hizo ni ni, si, -ko, -li, -wa na yu, na sote tunazishona bila kufikiri. Halafu kuna jambo la bahati linalonifurahisha: kuwa ni neno la Kibantu lililokuwa na b. Waganda bado wanasema okuba, Wazulu ukuba. Sisi tuliigeuza w, kama vile abantu wao ni watu wetu. Ba na be, basi. Hawana undugu wowote, wamekutana sura tu, lakini kama kufanana huko kunakusaidia kukumbuka, tumia.

Usiitafute "ni", uliza sentensi yako inafanya nini

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kosa la wanafunzi wangu karibu wote ni moja: wanaamini "is" ni "ni". Wakiona "ni" wanaweka "is", wasipoiona wanaiacha, na Kiingereza kinawatoka kimekatika miguu. Tena sisi watu wa pwani "ni" yenyewe tunaitupa tukiongea: "Mimi mtu wa Mambrui", "Huyu ndugu yangu". Waliopita madrasa wana sababu ya pili, kwani Kiarabu nacho husema "mimi mwalimu" bila kitu katikati. Kiingereza hakikubali. I am from Mambrui. This is my brother. Kila mara, hata ukiwa na haraka.

"Ni" yenyewe ni rahisi, nitaipita. Na -ko, -po, -mo zote huwa "is" au "are" pamoja na mahali: yuko sokoni, he is at the market; vimo kabatini, they are in the cupboard. Angalia tu "yupo". Mgeni akipiga simu kuuliza kama meneja yupo, wengi hujibu "He is there." Mgeni hujiuliza, huko wapi? Sema "Yes, he's in."

Sasa fika kwenye "nina". Nina njaa, nina kiu, nina miaka 20. Ukitafsiri neno kwa neno utasema "I have hunger", na hapo hata ukiwa na njaa ya kweli utachekwa kwanza. Mwingereza husema I am hungry, I am thirsty, I am twenty. Kwake yeye njaa si mzigo alioubeba. Yeye mwenyewe ndiye mwenye hali hiyo. Vijana wa ufukweni wanaojua Kitaliano hupata tabu mara mbili, kwa sababu Mwitaliano yuko upande wetu: ho fame, ho sete, ho vent'anni, yaani nina njaa, nina kiu, nina miaka 20. Mmoja wao alinung'unika, "Basi Mwingereza ndiye aliyekosea, sisi wawili yeye mmoja." Kura ameshinda, mtihani hakushinda.

Ukichunguza zaidi, utaona sisi hatuna hata kitenzi cha "have". Nina ni mimi-na, niko pamoja na. Wakati uliopita tunasema wazi: nilikuwa na njaa. Kwa hiyo kila mara unaposema "nina", kuwa kumejificha ndani. Ikiwa unachokitaja ni hali kama njaa na kiu, au umri, mtoe huyo kuwa aliyejificha, mpe mgeni "am". Ikiwa ni kitu cha kushikika, nina baiskeli, nina watoto watatu, mpe "have".

Halafu -me-. Hapa keti vizuri, maana ndipo penye utajiri. Shuleni tuliambiwa -me- ni "have". Ni kweli kwa nimekula, I have eaten. Lakini tazama hizi: nimechoka, amelala, imevunjika, nimefurahi, kimejaa, nimeolewa. Kwa Kiswahili ni matendo yaliyokwisha. Kwa Kiingereza ni hali, na hali huvaa "be": I am tired, he is asleep, it is broken, I am happy, it is full, I am married. Yule dada wa mahamri alimwambia mteja Mzungu "I have been married", akimaanisha ana mume. Mteja akampa pole, kwa sababu alichosikia ni kwamba aliwahi kuolewa na sasa hana. Alirudi kwangu amenuna, akauliza pole ile ilikuwa ya nini. Jaribio langu ni hili: ukiweza kuuliza "yuko katika hali gani sasa?" na jibu likawa lile neno la -me-, tumia "be". Ukiuliza "amefanya nini?" ndipo tumia "have".

"Kuna" ni "there is" au "there are", kutegemea idadi ya vitu. Kuna maji, there is water. Kuna watu, there are people. Basi.

Na kinyume chake: usiibandike "am" mbele ya kila kitenzi. "I am agree", "I am go", hizi nazisikia kila wiki. Nakubali ni I agree, hakuna "am". Naenda, ikiwa uko njiani, ni I am going, na ile -ing lazima iwepo; "am" hakubali kusimama na kitenzi kilicho uchi.

"Gone" na "been", na aibu yangu mwenyewe

Mwaka wangu wa kwanza kazini, bibi mmoja wa Kiingereza mwenye umri mkubwa aliteremka asubuhi kumuulizia mumewe. Mzee alikuwa ameondoka alfajiri na mashua ya wavuvi. Nikamwambia kwa sauti ya upole, kama tulivyofunzwa: "Your husband is gone, madam." Alishika meza. Akaketi. Rangi ilimtoka, nami nikadhani ni jua. Aliyeniokoa ni mhudumu wa baa, aliyepiga kelele kutoka mbali: "Fishing! Gone fishing!"

Jioni nilijua nilichosema. "He has gone" ni ameenda, na unatazamia atarudi. "He is gone" ni hayupo tena, na ukiisema kwa upole, mikono umeifumbata, inasikika kama ile "ametutoka" yetu. Nasi tuna mtego huo huo. Mwambie mtu "mzee ameondoka" kwa sauti ya chini uone atakavyostuka.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba "is gone" ni mabaki ya Kiingereza cha zamani. Zamani vitenzi vya kwenda na kuja vilivaa "be", si "have". Biblia ya Kiingereza ya 1611 imejaa "I am come", nimekuja. Kitaliano bado kinafanya hivyo: è andato, ameenda, sono venuto, nimekuja, kwa kitenzi cha kuwa. Kiingereza kikahamia "have", kikaiacha "is gone" nyuma kama kiatu kimoja.

"Been" nayo ina ujanja wake. "She has been to Mombasa" ni alikwenda na amerudi. "She has gone to Mombasa" ni yuko huko bado. Mwenzangu wa zamu aliwahi kumwambia mgeni "The manager has been to Mombasa" wakati meneja bado yuko huko. Mgeni akasikia kwamba amerudi, akaketi kwenye kochi kumngoja tangu saa tatu hadi adhuhuri, akinywa madafu ya bure. Kumbuka mzizi: bheu-, kutokea. Aliyekuwa "been" mahali alitokea huko, akamaliza, na sasa mko naye. Kuhusu matamshi, Mwingereza huivuta, inakuwa kama neno lao la maharagwe. Mmarekani huikata, inakuwa kama neno lao la pipa la taka. Zote sawa. Chagua moja uishi nayo.

"Being" huwasumbua watu bila sababu. Mtoto ni mtundu, kila siku, ndiyo tabia: he is naughty. Mtoto analeta utundu sasa hivi kwa sababu kaona wageni: he is being naughty. Tofauti ya "ni" na "analeta", hakuna zaidi. Na ukiona kibao "closed for the time being", ni kimefungwa kwa sasa. Usijaribu kukichambua neno kwa neno, utachelewa. "Human being" ni binadamu.

Wakati mwingine "were" huja pasipo wengi: if I were you, lau ningekuwa wewe. Hapo haisemi jana. Inasema jambo ambalo si kweli, kazi ya -nge- yetu. Kiingereza cha mitaani huweka "was", utaelewana nao, lakini kwenye barua ya kuomba kazi weka "were".

Mzizi es- pia umeingia kwa mlango wa Kilatini, na umewahi kuutamka maelfu ya mara. Mwalimu akiita majina darasani ukijibu "Present!", umesema "nipo mbele yako". "Absent" ni "yupo mbali". Na "interest", ile ya benki, kwa Kilatini ilikuwa "iko kati, ina uzito". Riba, kumbe, nayo ni kuwa.

Sasa turudi kwa bwana harusi asiyeonekana. "Be" mwenyewe, bila kubadilika, hutokea mahali pachache, na ukipajua hutamtafuta tena. Hutokea baada ya will, can, must na wenzao: it will be hot, itakuwa joto. Hutokea baada ya "to": I want to be a nurse, nataka kuwa muuguzi. Na hutokea katika amri: be careful, kuwa mwangalifu. Kwa wanafunzi wangu Waislamu huu wa mwisho hauhitaji maelezo. Wameisikia tangu utotoni "Kun fayakun", kuwa na ikawa. Ile kun ndiyo "be", amri tupu.

Zoezi ninalowapa ni la kutembea. Tokeni hapa Shela hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, kwa miguu, na kila mnachokiona mkiseme kwa Kiswahili kwanza, mjiulize ni ni, -ko, nina, -me- au kuna, ndipo mkiseme kwa Kiingereza. Samaki wameisha. Mashua iko pwani. Mzee ana usingizi. Kuna upepo. Mwanzoni hufika wakiwa wamesema sentensi kumi. Baada ya wiki mbili hawafiki, wanasimama njiani kubishana.

Na nikawaambia pia wamtafute "be" mtaani, wanirudishie walipomwona. Dereva wangu alikuja siku ya pili, amechelewa nusu saa, jasho linamtoka. Alikuwa amekwenda kununua daftari jipya, akakuta duka limefungwa na karatasi imebandikwa mlangoni: WILL BE BACK SOON. Akaamini, akangoja.

"Mama," akasema, "'be' leo nimemwona. Mwenye duka ndiye hayupo."